Rangi ya plastiki za ndani ya gari inabanduka baada ya wiki mbili, nimekosea wapi?

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota IST ya 2005, nipo Nkuhungu hapahapa Dodoma. Ile rangi ya silva kuzunguka redio na kwenye swichi za vioo imechubuka vibaya, halafu pale pa kuwekea mkono mlango wa dereva panakuwa pananata kama pamemwagikiwa soda. Nilinunua kopo la spreyi nyeusi nikapaka kipande cha swichi mwenyewe, kikapendeza kweli, wiki mbili tu kikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Sasa kuna fundi kaniambia nimpe elfu sitini apige ndani yote siku moja bila kufungua kitu. Nimpe? Au nirudie mwenyewe, na nifanyeje isibanduke tena?

JIBU: Mbukwenyi dada. Hiyo elfu sitini usimpe. Bei sina shida nayo, ni hayo maneno "bila kufungua kitu" ndo yamenitisha, ntakwambia kwanini huko mbele, ila naomba nianze na kile kipande chako kilichobanduka maana kile kimeshatupa majibu karibu yote.

Rangi ikitoka kama ngozi ya nyoka, yaani unaivuta inakuja karatasi nzima na chini yake plastiki imebaki safi kama haijawahi kupakwa, ujue hiyo rangi haikushika hata siku moja, ilikuwa imejilaza tu pale juu inasubiri sababu. Ingekuwa kopo ndo bovu ungeona inafifia au inalika taratibu pale vidole vinapogusa kila siku. Kwahiyo usilaumu kopo, na usikimbilie kununua la bei kubwa zaidi ukadhani ndo dawa. Kuna kitu kilikaa katikati ya rangi na plastiki, halafu na plastiki yenyewe inawezekana ni ile isiyopenda rangi. Hivyo viwili ukivishinda umemaliza, hata kwa kopo la kawaida.

Tuanze na kilichokaa katikati. Kila ukipeleka gari kuosha, kijana akimaliza anapuliza ile polishi ya dashibodi, gari linang'aa, linanukia stroberi, unafurahi unaondoka. Zile polishi nyingi zina silikoni. Silikoni haikauki ikaisha kama maji, inabaki pale, inaingia kwenye vile vinyweleo vya plastiki na kwenye maungio, na kuosha mara moja kwa sabuni hakuitoi. Rangi ikiikuta inaikimbia, ndo unaona vile vitundu vya duara rangi imejivuta pembeni, au haionyeshi kitu siku ile halafu inakuja kubanduka baadaye kama yako. Gari la 2005 lililotoka Japani likapita Dar likaja huku, hebu fikiria limepulizwa hiyo kitu mara ngapi.

Cha pili ni mikono yetu wenyewe. Dodoma hewa ni kavu, kuanzia mwezi wa sita na ule upepo na baridi ya asubuhi ukitoka kuoga tu ngozi imeshapauka, kila mtu anajipaka mafuta ya mgando mpaka viganjani halafu huyo anaingia kwenye gari anashika swichi ya kioo, anashika kitasa, anashika gia. Kila siku, miaka. Na tangu 2020 ikaongezeka sanitaiza, ambayo ni spiriti, unapaka mkononi haijakauka unashika mlango, ile spiriti inalainisha rangi ya kiwandani kidogo kidogo. Mimi sehemu ninazokuta zimeharibika kwanza ni hizohizo siku zote, swichi za dereva, kitasa cha ndani na pembeni ya redio upande wa dereva. Upande wa abiria wa nyuma unakuta bado mpya.

Sasa plastiki yenyewe. Chukua kile kipande ukigeuze nyuma, tafuta maandishi madogo yaliyobanwa kati ya mishale miwili. Utakuta ABS, au PP, au kitu kirefu kama PP+E/P-TD20, hiyo TD20 maana yake wamechanganya talki asilimia 20 ili iwe ngumu. Ukikuta ABS au PC/ABS una bahati, hiyo inakubali rangi vizuri ikiwa safi na imekwaruzwa. Ukikuta inaanza na PP hapo ndo penye kazi. PP ni ukoo mmoja na vile viti vya plastiki vya kukodi kwenye msiba na harusi. Angalia kiti cha plastiki kwenye nyumba inayojengwa, kimerukiwa na rangi ya ukutani, ukikwangua kwa ukucha inatoka yote haiachi hata alama, kwasababu PP haina pa kushikia. Viwandani wanaipitisha kwenye moto au umeme wa kasi kwa sekunde chache kubadilisha ule uso kabla ya kupaka. Sisi hatuna hiyo, tuna praima ya plastiki, ile ya kopo inayotoka kama maji isiyo na rangi, kazi yake ni kuwa gundi katikati. Ukienda duka la rangi za magari waambie praima ya plastiki, usikubali wakupe praima ya kijivu ya chuma wakakwambia "ni ilele". Siyo ilele kabisa.

Kuna watu watakwambia tumbukiza kwenye ndoo ya maji, ikielea ni PP ikizama ni ABS. PP tupu kweli inaelea, lakini ile yenye talki inaweza kuzama vizuri tu, utadanganyika. Soma maandishi. Na ukikosa maandishi chukulia ni PP, praima ya plastiki kwenye ABS haina madhara ukiipuliza nyembamba.

Niseme na langu hapa maana lilinifundisha. Kuna mwaka nilipewa Noah, mteja anahamia Dodoma kikazi anataka ndani kufanane na mpya. Nikafungua paneli tatu za milango, nikaosha kwa sabuni, nikapiga rangi, vitundu. Nikasugua zote, nikaosha tena, nikapiga, vitundu palepale. Mara ya tatu ndo nikagundua kitambaa nilichokuwa nafutia kilikuwa kwenye boksi moja na vitambaa vya polishi. Yaani nilikuwa nasafisha kwa silikoni. Nilimrudishia mteja gari siku nne nje ya ahadi na kopo zote zile zilitoka mfukoni mwangu. Tangu siku ile vitambaa vya rangi ni fulana nyeupe za mtumba, zimefuliwa kwa sabuni ya unga bila ile dawa ya kulainisha nguo, na vinakaa kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Kwangu hakuna anayepuliza polishi siku ya rangi, hata kwenye gari la jirani, maana ile inapeperuka hewani inakuja kutua kwenye kazi yako.

Haya, kipande chako. Kwanza toa ile rangi iliyobanduka yote, usijidanganye kubakiza sehemu "iliyoshika", nayo itafuata. Tumia tepu pana ya kufungia maboksi, bandika vuta, bandika vuta, sehemu kubwa itakuja hivyo. Inayobaki loweka na spiriti halafu kwangua kwa kadi ya simu au kadi ya benki iliyoisha muda, siyo kisu. Usitumie petroli na usitumie tina, yaani ile dawa ya kuzimulia rangi, hasa ile tina kali ya rangi za bodi, ABS inalainika na kupasuka nyufa ndogondogo ambazo huzioni leo, utaziona rangi ikishakaa juu yake. Hapo ndo nina wasiwasi mwingine na huyo fundi wako, wengi wanachukua rangi ya bodi iliyobaki kwenye gari la mtu, wanaichanganya na tina palepale, wanapiga.

Spiriti nayo uangalie. Ile ya famasi ya kupaka mgonjwa aliyelala muda mrefu nyingine inawekwa mafuta ndani makusudi ili isikaushe ngozi. Dondosha tone moja kwenye kioo cha dirisha, acha likauke lenyewe, ukiona limeacha utando au doa la mafuta hiyo siyo ya kazi hii. Ikikauka kioo kikabaki safi, tumia. Ukipata aisopropili wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi ndo nzuri zaidi.

Baada ya hapo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, mswaki wa zamani uingie kwenye kona zote, suuza, rudia tena, suuza. Halafu ndo ukwaruze. Kama kipande ni laini kisicho na vinyweleo, msasa wa maji namba 400 ukimalizia na 600. Kama kina vile vinyweleo vya kama ngozi, tafadhali msasa usiguse, utafuta vinyweleo na hakuna rangi itakayovirudisha, chukua ile skochi ya kijani ya kuoshea vyombo, mpya ambayo haijaona sufuria, weka sabuni usugue kwa kuzunguka mpaka ng'aro yote ife. Ng'aro ikifa kila mahali ndo umemaliza, ukiona kisehemu kinang'aa kwenye kona rudi. Hapa watu wengi wanachoka mapema kwasababu haionekani kama kazi, mkono unauma na kipande kinazidi kuwa kibaya. Vumilia, hata saa nzima kwa kipande kimoja ni sawa.

Kausha, halafu sasa ndo spiriti kwa vitambaa viwili. Kimoja kimelowa, kingine kikavu. Unafuta na kilicholowa halafu hapohapo kabla haijakauka unafuta na kikavu, kile kikavu ndo kinabeba mafuta. Ukitumia kimoja tu spiriti inakauka mafuta yanabaki umeyahamisha tu kutoka hapa umeyapeleka pale. Na huku kwetu spiriti inakauka upesi mno kuliko Dar kwahiyo piga eneo dogo dogo kama kiganja, geuza kitambaa kila mara. Kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu, vaa glavu zile nyembamba za famasi zisizo na poda.

Kabla hujapiga chochote ziba kwa tepu ya karatasi sehemu za nyuma zenye klipu na kingo za ndani za matundu ya vitufe. Hili dogo linasumbua sana. Rangi ikijaa kwenye kingo, kitufe cha kioo kinakuwa kinabana, unakibonyeza hakirudi, kioo kinashuka chenyewe mpaka chini. Na vitufe vyenyewe usivipake kabisa, vile vialama vitapotea.

Sasa muda. Hapa Dodoma muda wa siku ni muhimu kama rangi yenyewe na ndo kitu ambacho maelekezo ya kwenye kopo hayakuambii vizuri. Kopo nyingi zinataka nyuzi kama 18 mpaka 27 hivi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja saa sita mchana uani kwako ni zaidi ya hapo, na hewa ni kavu, basi zile punje za rangi zinakauka zikiwa bado angani, zinatua kama vumbi, ukipitisha kidole unasikia kama msasa na rangi imepauka. Kwa miezi ya joto maliza kabla ya saa nne asubuhi. Mwezi wa sita na wa saba ni kinyume, saa kumi na mbili asubuhi ni baridi, rangi inatoka nzito inamwagika michirizi, subiri saa tatu au saa nne jua lipashe kidogo na kopo liloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, uvuguvugu wa kuogea mtoto, siyo ya moto, na jikoni kwenye moto usilisogeze kabisa. Kopo lenyewe limeandikwa lisizidi nyuzi 50, kwahiyo usije ukaliacha ndani ya gari limepaki juani, gari lililofungwa juani kwetu siyo mahali pa kopo la gesi.

Upepo ndo adui mkubwa wa Agosti na Septemba. Lile vumbi jekundu linaingia hata kwenye chumba kilichofungwa. Ninachofanya kama huna banda ni kuchukua boksi kubwa la friji au televisheni, unalilaza upande, uwazi uelekee kusipotoka upepo, kipande unakiweka ndani juu ya kikopo ukishikize na tepu, unapulizia humo. Mwaga maji chini ardhi ilowe kabla hujaanza. Na usikifute kipande na kitambaa kikavu dakika ya mwisho, hewa yetu kavu inafanya plastiki ipate umeme wa kunasa vumbi, kama unavyovua sweta usiku inalia, utavuta vumbi la mtaa mzima. Ukishamaliza ile ya vitambaa viwili, pitisha mara ya mwisho kile cha spiriti peke yake, acha.

Praima ya plastiki mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili, unaipitisha tu. Soma kopo linasema usubiri muda gani kabla ya rangi, nyingi ni dakika chache tu na zina mwisho, ukiiacha mpaka kesho inapoteza kazi unaanza upya. Haisuguliwi msasa. Halafu rangi, umbali wa sentimita 20 mpaka 25, na mkono wa kwanza uwe kama ukungu tu, plastiki bado inaonekana chini. Najua utatamani kujaza. Usijaze. Subiri dakika kumi, mkono wa pili, dakika kumi, wa tatu ndo utaona imefunika. Anza kupuliza nje ya kipande, pitisha, malizia nje ya kipande, kopo likisimama juu ya kipande hata nusu sekunde ndo michirizi inapotokea. Kopo la mililita 400 linatosha vizuri vipande vyote vinne vya swichi na fremu ya redio, na linabaki.

Rangi gani? Mimi kwa gari lako ningekushauri uachane na silva kwenye swichi, uweke nyeusi isiyong'aa sana, ile ya kati, siyo ya kioo na siyo ya masizi. Nyeusi inayong'aa inaonyesha kila alama ya kidole na kila vumbi, na Dodoma vumbi hatulishindi. Silva irudishe kwenye fremu ya redio tu kama unaipenda. Kitu kingine, sehemu ya juu ya dashibodi isiwekwe rangi yoyote inayong'aa wala ya mwanga, inajipiga kwenye kioo cha mbele mchana huoni barabara vizuri, na ukienda barabara ya Morogoro saa tisa jua limeinama ni hatari.

Sehemu za kushikwa sana kama kitasa na gia zinataka klia juu, ile ya kioo isiyo na rangi inayolinda rangi. Klia ya kopo ya kawaida inasaidia. Klia ya kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuikausha iwe ngumu, inadumu zaidi lakini hiyo usiipige nyumbani, ule moshi wake una kemikali inayoharibu mapafu na barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu, inataka barakoa ya vichujio vya kemikali na sehemu ya wazi. Hiyo mpe fundi mwenye vifaa. Hata hii ya kawaida pulizia nje, watoto wakae mbali.

Isiponata mkononi baada ya dakika ishirini usidhani imekauka. Iache siku nzima kabla hujarudisha garini, na wiki moja usiifute na chochote, hata kitambaa cha maji. Kabla hujafanya vipande vyote fanya jaribio hili kwenye upande wa nyuma wa kimoja: upake hatua zote kama ulivyopaka mbele, kesho yake chora kwa wembe mistari midogo ya kukatizana kama karatasi ya hesabu, bandika tepu ikandamize, vuta kwa nguvu. Vyumba vikibaki vyote umefaulu, endelea na vingine kwa raha. Vikitoka, usafi wako bado, na umepoteza kipande kimoja tu siyo vyote.

Sasa pale panaponata, hiyo ni habari nyingine kabisa na usiichanganye na hii. Pale kiwandani au kwa aliyekuwa nalo kabla yako paliwekwa ile rangi laini ya kama mpira, ukigusa unasikia kama ngozi ya pichi. Ile ikizeeka kwa joto na unyevu na mafuta ya ngozi inavunjika yenyewe inarudi kuwa ulimbo. Volkswagen na Audi za miaka ya 2000 mwanzoni zinajulikana sana kwa hilo lakini siyo hizo peke yake. Watu wanamwagia poda ya mtoto, inatulia siku tatu halafu inarudi na sasa ina uji mweupe. Wengine wanapaka rangi juu, haiwezekani, ni kama kupaka rangi juu ya asali. Hiyo ni ya kutoa tu. Lowesha tambara na aisopropili, laza pale dakika tano, kwangua na ile kadi, futa, rudia, itatoka tope jeusi linalochafua kila kitu kwahiyo vaa glavu na funika kiti. Kazi ya jioni nzima hiyo ila chini yake mara nyingi utakuta plastiki ngumu nyeusi safi kabisa ambayo haihitaji hata rangi. Wateja wangu wengi wanaishia hapo, na mimi nawashauri waishie hapo. Kama pale ni kitambaa au vinili laini inayobonyea, spreyi ya plastiki usiiweke, itapasuka kila ukiegemeza kiwiko, hiyo ina rangi yake ya ngozi na vinili.

Nirudi kwa fundi wa elfu sitini. Kupiga bila kufungua maana yake anabandika magazeti anapuliza humohumo garini. Kingo hazisafishwi, zile kingo ndo zinaanza kubanduka. Rangi inaruka kwenye viti, kwenye vioo, kwenye mikanda, na mkanda wa usalama haufai kupata rangi wala tina. Lakini hayo yote ni madogo kuliko eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga gari likigonga. Popote palipoandikwa SRS, ndo alama yake, katikati ya steringi, dashibodi mbele ya abiria, na kwenye magari mengine zile nguzo za pembeni ya kioo, pasipakwe rangi kabisa, wala pasibandikwe stika ya kaboni. Kile kifuniko kina mstari dhaifu uliopimwa upasuke haraka, ukipaka rangi unabadilisha namna kinavyopasuka na vipande vya rangi vinaruka usoni kwa mtu. Kama huyo fundi alisema "ndani yote" alimaanisha na pale. Muulize, utaona.

Wewe mwenyewe ukifungua, kwenye milango na fremu ya redio zima gari, toa funguo, basi inatosha, ukikutana na plagi ya njano yoyote iache kama ilivyo, njano ni nyaya za eabegi. Usikimbilie kuchomoa betri bila sababu, redio nyingi za Kijapani ukikata umeme zinajifunga zinaomba kodi, ile namba ya siri, na utaanza kuhangaika mjini kutafuta mtu wa kuifungua. Kazi ya steringi au dashibodi lenyewe ndo inadai betri ichomolewe upande wa hasi na kusubiriwa, Toyota wanasema si chini ya sekunde 90, na hiyo mwachie mtu wa umeme.

Na kama kuna kipande kimepasuka au vinyweleo vimeshaliwa kabisa, usikipake. Spea za mtumba za IST ni nyingi, agiza Kariakoo kipande kimoja kije na basi, ila waambie namba ya rangi ya ndani. Angalia kibati cha gari lako mlangoni au kwenye injini pameandikwa C/TR, namba za kwanza ni rangi ya nje na zinazofuata ni rangi ya ndani, wapigie picha hicho kibati uwatumie, la sivyo watakuletea kijivu kwenye gari la biji.

Joto litaendelea kukusumbua hata ukimaliza. Chuo Kikuu cha Arizona State kule Marekani walipima 2018, gari likikaa juani saa moja siku ya joto kali dashibodi lilifika wastani wa nyuzi 69. Dodoma siyo Arizona lakini paki chini ya mwarobaini, weka lile karatasi la kung'aa kwenye kioo, na huko kwenye kuosha mwambie kijana mapema kabla hajaanza, "polishi ndani hapana, kitambaa chenye maji tu". Mwambie kila safari maana atasahau.

Anza na kipande cha mlango wa nyuma kushoto, ambacho hakishikwi na mtu. Kukitoa unaingiza kile kijiti cha plastiki cha kufungulia, au bisibisi bapa uliyoizungushia tepu, upande wa mbele wa kipande unanyanyua taratibu, klipu zitalia, usiogope, halafu unachomoa plagi kwa kubonyeza kile kilimi chake. Swichi yenyewe imefungwa kwa skrubu ndogo chini, piga picha na simu kabla hujazitoa. Ukishapaka na siku ya kurudisha ikifika, chomeka plagi kwanza, washa gari, shusha kioo na kupandisha mara tatu uone kitufe kinarudi chenyewe bila kubana, ndo ubonyeze klipu.